Maua ya Gauni la Shangazi

Shangazi alitoa masharti matatu kabla hawajatoka nyumbani, na aliyatoa huku akifunga vifungo vya gauni lake mbele ya kioo, bila hata kugeuka.

"Humpigii simu. Humsemeshi. Na humtazami zaidi ya wanavyomtazama watu wengine."

"Nimesikia, Shangazi."

"Kusikia najua umesikia. Naomba uape."

Mwalimu akaapa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, alifundisha darasa la tatu, na watoto arobaini na wawili walinyamaza akikohoa tu. Lakini mbele ya mwanamke huyu alibaki yule mtoto wa kuambiwa akanawe mikono. Mama yake alipofariki, baba yake akaenda kuoa mbali, na dada wa baba akamchukua akiwa na miaka minne, akamkalisha chini ya meza ya cherehani pamoja na vipande vya vitambaa, akaendelea kushona. Hakuwahi kumwacha tangu siku hiyo. Kwa hiyo Mwalimu aliapa, ila aliapa kwa ujanja wa watu wanaotunga mitihani: hakuna aliyetaja kuandika. Barua ilikuwa tayari ndani ya mkoba, imekunjwa mara nne.

Huyo asiyetakiwa kusemeshwa alikuwa mtunzaji wa darubini katika kituo cha kutazamia nyota, kule juu kilimani. Watu walimwita Fundi. Hakuwa msomi wa nyota. Kazi yake ilikuwa kupaka grisi reli za kuba, kukaza skurubu, kupangusa vumbi, na katika usiku wa wageni kuwashikia watu ngazi wapande wakachungulie. Mwalimu alimjua mwaka uliopita alipopeleka darasa lake. Mtoto mmoja aliuliza kama nyota huwa zinachoka, na Fundi akafikiri kwa dakika nzima, kisha akajibu kwamba hajui. Mwalimu hakuwa amewahi kumwona mtu mzima akikiri mbele ya watoto kwamba kuna kitu hakijui. Moyo wake ukamwendea palepale, na haukurudi.

Sasa Fundi alikuwa anahamishwa. Kuna darubini mpya ilikuwa ikijengwa kwenye mlima wa mbali, safari ya siku mbili, na yeye alitakiwa huko kwa miaka mitatu. Angeondoka usiku huohuo wa wageni, saa tatu, na lori lililobeba kioo kikubwa cha darubini hiyo, maana kioo hicho hakitakiwi kupigwa na jua la mchana.

Ijumaa iliyotangulia alimfuata Mwalimu kwenye uzio wa shule na kumpa karatasi. Upande mmoja ilikuwa na ramani ya nyota za mwezi ule, upande wa pili ilikuwa nyeupe.

"Kule kuna nyumba mbili za wafanyakazi," alisema. "Moja ya mtu peke yake, moja ya mtu na mkewe. Wanataka niseme ipi kabla lori halijaondoka."

"Na wewe unataka ipi?"

"Unajua ninayoitaka." Alikuwa anatazama viatu vyake. "Usinijibu leo. Nijibu usiku wa wageni. Kama ni ndiyo, andika chochote hapa, hata ile alama ya vema unayowawekea watoto. Kama ni hapana, usijisumbue kutafuta maneno ya kunipoza. Nirudishie karatasi kama ilivyo. Nitaelewa, na sitakuuliza tena."

Mwalimu alikaa na karatasi hiyo siku sita kwa hofu ya Shangazi. Siku ya saba, ambayo jioni yake wageni wangepanda kilimani, aliitoa katika chumba cha walimu, kipindi cha mwisho, akaandika kwa dakika tisa bila kufuta neno. Mwalimu wa hesabu alikuwa ameazima kalamu yake ya bluu tangu Jumatatu na, kama kawaida yake, hakuirudisha. Aliandika kwa iliyokuwapo mkononi.

Aliandika kwamba jibu ni ndiyo. Aliandika kwamba hatamudu kumuaga Shangazi peke yake, hana kifua hicho. *Ukishasoma, njoo uniombe mbele yake usiku huuhuu, kabla ya saa tatu. Nitasimama upande wako. Usipokuja, nitajua umebadili nia, nami sitakulaumu wala sitakufuata.*

Njiani wakipanda kilima, Shangazi alimshika mkono wa blauzi akausogeza karibu na macho.

"Hii nini? Wino mwekundu. Blauzi nyeupe nimeishona juzi, tayari umeshaichafua."

"Nilikuwa nasahihisha, Shangazi."

"Sahihisha madaftari, usisahihishe nguo zangu." Akauachia mkono, wakatembea kidogo. Kisha akasema kwa sauti nyingine, ya chini. "Nimekuja nawe umwone mara ya mwisho, usije ukasema nilikunyima. Lakini najua wanaume wa safari. Mimi wangu aliniambia miaka miwili. Nikashona shela, nikaitundika nyuma ya mlango. Miaka kumi na moja, mwanangu. Nondo ndio walioivaa."

"Shangazi, huyu hajaniambia ni..."

"Tulikubaliana hatumzungumzii."

Walikuwa wamefika getini.

Mlinzi alikuwa na kapu kubwa la simu, kila mgeni anaacha yake na kupewa kipande chenye namba. Hakuna tochi, hakuna simu, hakuna sigara. Wageni kama sitini walisimama uani wakisubiri dakika ishirini macho yazoee giza, na mwanga pekee uliokuwapo ulitoka kwenye taa ndogo nyekundu zilizofungwa chini, kando ya njia. Fundi alitokea mlangoni mwa kuba na tochi yake nyekundu ikining'inia shingoni.

"Karibuni wote," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila Mwalimu aliijua, akasikia ilivyokaza. "Mtuvumilie kwa hili giza. Jicho likishazoea, mwanga mwekundu haulisumbui. Mwanga mweupe ukiwaka hata kwa sekunde moja, tunaanza kuhesabu dakika ishirini upya. Kwa hiyo tafadhali."

Shangazi hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameinama anatazama mapaja yake, anapapasa gauni.

"Maua yangu yameenda wapi?"

"Maua gani?"

"Ya gauni. Nimevaa gauni la maua, sasa naona nimevaa shuka la hospitali."

"Ni giza, Shangazi."

"Giza gani, mbona gauni lenyewe naliona?"

Mtu mmoja mbele yao akacheka. Mwalimu hakucheka. Foleni ilikuwa imeanza kwenda mlangoni, na Fundi ndiye aliyekuwa akipokea tiketi. Mwalimu alipofika, alimpa tiketi mbili na katikati yake ile karatasi. Vidole vyao viligusana kiasi cha kupeana, basi. Hakumsemesha. Hakumtazama zaidi ya wanavyomtazama watu wengine, au alijitahidi.

Ndani ya kuba, darubini ilisimama katikati, nene kama pipa, na ngazi ya chuma ikipanda hadi kwenye tundu la kuchungulia. Wageni walijipanga kuzunguka ukuta. Mwalimu alijiweka mahali ambapo angeweza kumwona bila kugeuza shingo. Fundi alimaliza kupokea tiketi, akavuta mlango, kisha akaenda kusimama kando, karibu na simu ya ukutani. Akaifungua karatasi chini ya tochi yake.

Akaitazama. Akaigeuza upande wa ramani, akairudisha. Akaisogeza karibu zaidi na tochi, akakaa hivyo kwa muda ambao Mwalimu aliuhesabu kwa pumzi, pumzi tano. Kisha akaikunja polepole kwa mikunjo ileile, akaitia mfuko wa shati, na mabega yake yakashuka.

Halafu akainua simu.

"Ni mimi," alisema. Alikuwa amewapa mgongo, lakini kuba lile lilirudisha kila sauti. "Waambie nimeshaamua. Ile ya mtu mmoja. Ndiyo. Nina uhakika."

Mwalimu alishika reli ya ukutani, akaishika kwa mikono miwili. Amesoma. Amesoma ndiyo yake, amesoma ombi lake, na jibu lake ni nyumba ya mtu mmoja. Hata kuja kumwambia hakuja. Ilikuwa saa mbili na robo.

"Una nini?" Shangazi aliuliza.

"Sina kitu."

"Unatetemeka."

"Baridi."

Foleni ilikwenda dakika moja kwa kila mtu. Fundi alimshika kila mmoja kiwiko, akamwonyesha pa kukanyaga, akasema maneno yaleyale: hiyo ni Zohali, usiguse chuma, tazama kwa jicho moja, umeiona pete yake? Watu walishuka wakiwa wamebadilika nyuso, wengine wakinong'ona kama wametoka kusali. Mwalimu alisogea hatua kwa hatua huku akijikaza kisabuni. Alijiambia hatauliza. Alijiambia hivyo hadi alipofika juu ya ngazi, amesimama naye ubavu kwa ubavu, Shangazi akiwa chini kabisa.

Aliinamia lile tundu. Aliona kitu kidogo cha rangi ya siagi, kimezungukwa na pete, kimetulia huko kiliko. Kisha kikaanza kuyeyuka kwa sababu ya machozi.

"Umeiona?" Fundi aliuliza.

"Na wewe umeiona?" Alinong'ona bila kuinua uso. Kiapo kilikuwa kimemaliza kazi yake. "Ile niliyokupa."

"Nimeiona."

"Na ndilo jibu lako?"

Alisikia Fundi akivuta pumzi. "Nilikuahidi sitakuuliza tena. Usinifanye nivunje."

"Hata neno moja huna?"

"Neno gani tena, Mwalimu? Nilisema nitaelewa, nimeelewa. Nakushukuru hukunizungusha." Sauti ilimkatika, akaikusanya. "Dakika yako imekwisha. Shika hapa. Kanyaga taratibu."

Alimshika kiwiko kama alivyowashika wengine wote, na hilo ndilo lililomuumiza kupita yote. Mwalimu alishuka ngazi bila kuona anapokanyaga. Unanishukuru kwa kutokuzungusha, baada ya kukupa maisha yangu yote kwenye kipande cha karatasi. Alitamani kumchukia na hakuweza; alibaki amesimama pale chini, na miaka mitatu, na mingine yote itakayofuata, imemlemea kifuani.

"Zamu yangu," Shangazi alisema, akampa mkoba ashike. "Na mimi nikaone hayo mambo."

Alipanda kwa kulalamika kila kipago cha ngazi. Fundi alimpokea juu kwa heshima zote, akamweka sawa. Shangazi akafumba jicho moja, akatazama kwa muda mrefu kuliko alivyotarajiwa.

"Lina pete," alisema hatimaye, kwa sauti ya kutosha kuba zima. "Angalau hilo limevishwa."

Watu wakacheka. Mwalimu aliinua uso kumtazama shangazi yake kule juu, kwenye ule mwanga mwekundu wa tochi ya Fundi, na gauni lake jeupe lisilo na ua hata moja. Alikuwapo wakati gauni hilo linakatwa. Alishika kitambaa ncha ya pili. Ni maua makubwa kama visahani, mekundu, ya kuonekana na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Sasa gauni lilikuwa tupu.

Akauangalia mkono wa blauzi yake. Akausogeza kwenye taa ndogo iliyokuwa ukutani karibu na goti lake, akainama hadi uso ukakaribia kugusa kitambaa. Ule wino uliomgombanisha na Shangazi njiani haukuwapo. Mkono ulikuwa mweupe pe.

Alielewa yote kwa mara moja. Chini ya taa nyekundu, kilicho chekundu hakionekani. Fundi hakusoma chochote, masikini. Alipokea karatasi tupu.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu kasoro dakika kumi na saba, na nje injini ya lori ilikuwa imeshaanza kunguruma. Amwambie nini? Angemwambia kuna maandishi, naye angedhani anamwonea huruma, anataka kumpoza, jambo alilomsihi asilifanye. Lazima aone kwa macho yake. Kando ya mlango kulikuwa na kisanduku cha mbao kilichofunika swichi ya taa kubwa, kimeandikwa USIGUSE kwa herufi ambazo hata mtoto wake wa mwisho darasani angezisoma.

Mwanamke huyu ambaye kila siku ya kazi huwaambia watoto wangoje zamu zao, wasiguse visivyowahusu, alifungua kisanduku na kuwasha taa.

Kuba zima lililipuka weupe. Watu walifunika macho, wakaguna, wakalalama. Mzee mmoja aliyekuwa wa pili kwenye foleni alisema kwa uchungu kwamba amesubiri saa nzima. Mlinzi alikuja mbio.

"Nani amewasha? Dada, una wazimu?"

"Nipe dakika moja," Mwalimu alisema. Alikuwa amesimama mbele ya swichi, mikono ameitanua. "Mniwie radhi wote. Nitangoja mwisho wa foleni mpaka asubuhi mkitaka, lakini sizimi mpaka asome. Fundi. Ile karatasi."

Fundi alikuwa ameganda juu ya ngazi. "Mwalimu, usifanye hivi."

"Itoe mfukoni."

"Nimeshakwambia nimeelewa."

"Hukuelewa kitu. Niliandika kwa kalamu ya kusahihishia."

Mwalimu aliona uso wa Fundi ukibadilika, akaona mkono ukienda mfukoni kama wa mtu asiyeuamini. Akaifungua. Mistari kumi na minne, myekundu, ilikuwa imejaza karatasi kutoka ukingo hadi ukingo.

Alisoma midomo ikitikisika. Alipofika mwisho akarudi mwanzo.

"Miaka saba," alisema, na hakuwa anamwambia mtu. "Miaka saba nafanya kazi kwenye taa hizi. Tunachapa ramani kwa wino mweusi kwa sababu hiyohiyo. Sikuwaza. Nilikuwa na hofu kiasi kwamba nilipoona tupu, nikaamini."

"Kuna nini hapo?" Shangazi aliuliza. Alikuwa bado juu ya ngazi, amekumbatia chuma, na maua yake yote yamerudi. "Nani amemwandikia nani? Uliapa."

"Niliapa kutomsemesha, Shangazi."

"Lete hiyo karatasi."

Fundi alimtazama Mwalimu, naye akatikisa kichwa kukubali. Hakukuwa na cha kuficha tena. Shangazi aliishika barua mbali na macho, kama anavyoshika sindano akiitunga, akasoma polepole. Watu sitini walikuwa wameacha kuulizia nyota. Mwalimu alijua ni mstari gani umefikiwa kwa jinsi Shangazi alivyoacha kupumua. Ulikuwa karibu na mwisho. *Shangazi aliambiwa angoje. Hakuna aliyemwambia twende. Mimi nimeambiwa twende, na ninaogopa kumwambia, kwa sababu atabaki peke yake na cherehani.*

Shangazi aliikunja barua. Hakumrudishia mtu.

"Alikwambia mwende wote?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema hatumzungumzii."

Shangazi alifuta jicho moja kwa kiganja, lile alilokuwa akichungulia nalo, kana kwamba ni hilo tu lililokuwa na shida. Fundi akashuka vipago viwili ili amtazame kwa chini, kama inavyompasa mtu anayeomba.

"Shangazi, nilitakiwa kuja nyumbani na wazee wangu. Sina muda huo, na sina udhuru. Naomba nimwoe binti yako. Sitaki aningoje. Nataka twende."

"Nimekusikia kwenye simu ukisema ile ya mtu mmoja."

"Nilidhani amenikataa."

"Simu si ile pale ukutani? Ilipokubali kusema mtu mmoja, haitakataa kusema wawili." Akapapasa kipago kwa mguu, akakikosa. "Na nishushe, miguu imekufa ganzi. Mambo ya mwanangu hayazungumzwi juu ya ngazi. Tutakwenda nyumbani, tutakaa, utaniomba upya nikiwa nimekaa kwenye kiti changu."

Fundi akamshusha, kiwiko kwa kiwiko. Nje, lori lilipiga honi mara mbili. Alisimama katikati ya kuba akimtazama Mwalimu, na Mwalimu akamtazama kwa kadiri alivyotaka.

"Lori linaondoka saa tatu," alisema Fundi. "Dereva hawezi kuchelewesha kioo."

Shangazi alichukua mkoba wake kutoka mikononi mwa Mwalimu, akatia barua ndani, akakunjua gauni lake la maua. Kisha akanyoosha mkono akazima taa mwenyewe, wale watu wapate nyota zao, na akasema gizani:

"Mwambie dereva azime injini. Mimi nilingoja miaka kumi na moja. Yeye atashindwa nusu saa?"